Mulika Mwizi Ni ya Nani?

Saa moja na robo jioni. Muuza omena ameibana simu kati ya shavu na bega ili tochi imulike chini. Mkono wa kulia umeshika kopo la kupimia, wa kushoto unapapasa mfuko wa aproni kutafuta chenji. Noti anaisogeza karibu na mwanga, anaigeuza, anaisogeza tena. Foleni ni ya watu watatu tu, lakini inakwenda polepole kwa sababu kila noti lazima ikaguliwe.

Hatua nne kutoka alipokaa umesimama mlingoti wa mulika mwizi, mrefu kuliko paa la soko mara tatu, na taa sita kichwani.

Zote zimezima.

"Mama, hii ilizimika lini?" aliuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri omena za mia.

"Tangu kabla ya mvua za vuli, mwanangu. Hata kuuliza tumechoka. Ningejua tu ni ya nani, ningemwendea mwenyewe."

Foleni ikamjibu. Wa kwanza alisema ni ya kaunti. Wa pili akasema ni ya mheshimiwa, si ndiye aliyekuja kuizindua? Wa tatu akasema ni ya Kenya Power, stima ni yao.

Mji huo uko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Jina lake naliacha, kwa kuwa giza la namna hiyo limetanda katika masoko mengi ya upande huu. Ila swali la yule mama limekataa kuniondoka kwa wiki kadhaa sasa. Lina jibu. Tatizo ni kwamba jibu limegawanyika katika karatasi tatu au nne, na hakuna hata moja inayobandikwa sokoni.

## Majibu matatu ya foleni

Kisheria, aliyesema ni ya kaunti alikuwa sahihi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, linataja kazi za kaunti. Taa za barabarani zimo katika aya ya 5, pamoja na barabara za kaunti. Masoko yamo katika aya ya 7. Taa iliyo ndani ya soko imebanwa pande zote mbili.

Lakini milingoti haikusimamishwa na mkono mmoja. Ipo iliyojengwa na mabaraza ya miji na kaunti za zamani kabla ya 2013, kwa pesa zilizokuwa zikipitia LATF, hazina iliyogawia serikali za mitaa fedha kutoka serikali kuu. Ipo iliyoletwa kwa fedha za eneo bunge. Ipo ya miradi ya serikali kuu, ipo ya kaunti yenyewe, na ile iliyo ukingoni mwa barabara kuu huenda ilikuja na ujenzi wa barabara. Kila mjenzi aliacha bango, na bango likaliwa na kutu. Kwa hiyo aliyesema ni ya mheshimiwa naye hakuwa akibuni, alikumbuka utepe uliokatwa.

Jibu la tatu ndilo linalofungua mlango, ingawa si kwa namna msemaji alivyodhani. Kampuni ya umeme huleta stima mpaka kwenye mita. Kuanzia mita kwenda mbele, yaani waya wa chini ya ardhi, sanduku la swichi, mlingoti na taa zake, ni mali ya mteja. Basi swali la nani mwenye mlingoti lina swali jingine tumboni mwake.

Mteja ni nani?

Kila mita ina akaunti, na kila akaunti ina jina. Jina hilo ndilo linalopokea bili au linalopaswa kununua tokeni. Mlingoti ukijengwa na mfuko mmoja kisha usikabidhiwe kwa maandishi, huishi kama mtoto aliyeachwa mlangoni. Aliyejenga husema kazi yake iliishia siku ya uzinduzi. Kaunti hufungua rejista yake ya mali, haiuoni, na afisa husema ukweli mtupu anaposema, "Huo si wetu." Bili haina wa kuilipa. Hakuna aliyeiba hata senti, na bado soko liko gizani.

Nilipofika hapo niliacha kumtafuta mkosaji, nikaanza kutafuta karatasi.

## Kulisoma giza

Kabla ya karatasi kuna jambo ambalo soko lenyewe linaweza kulijua bila fundi, bila ngazi na bila kugusa chochote. Taa za mlingoti huzima kwa namna mbalimbali, na kila namna hutoa habari yake.

Moja ikizima na tano zikiendelea kuwaka, balbu imeisha, au kwa taa za LED, kimekufa kile kifaa kidogo kinachoilisha taa, ambacho mafundi hukiita draiva. Ni kitu kidogo. Taa ya sodiamu, ile ya mwanga wa rangi ya chungwa, ikiwaka dakika kadhaa, ikazima, ikapoa, ikawaka tena, basi inakaribia mwisho wake. Balbu ikizeeka huhitaji volti zaidi ya inazopewa, ikipata joto inashindwa kujishikilia. Atakayeripoti dalili hiyo mapema ataokoa mwezi mzima wa giza.

Zote zikiwaka mchana kutwa, watu hufurahi kwamba angalau zinafanya kazi. Si habari njema hata kidogo. Ile fotoseli, jicho dogo linalopima mwanga wa jua na kuamuru taa ziwake au zizime, imeharibika au imefunikwa na vumbi na kinyesi cha ndege. Mlingoti unaowaka saa 24 unakula stima mara mbili ya kipimo chake, na bili hiyo ndiyo itakayouzimisha baadaye.

Zote zikizima kwa mpigo, kama sokoni kwa yule mama, washukiwa ni wanne: stima haifiki, breka (swichi ya usalama inayojikata yenyewe stima ikizidi) imeruka, kontakta imeungua, au fotoseli imekwama. Kontakta ni ile swichi kubwa inayoziwasha taa zote kwa pamoja ikipata amri ya fotoseli. Ikiungua koili yake, taa sita nzima kabisa hukaa kimya.

Mita ndiyo inayowatenganisha washukiwa hao. Huwa ndani ya kisanduku kwenye nguzo ya karibu au kwenye ukuta wa soko, na uso wake huonekana bila kufungua chochote. Ikiwa haina dalili yoyote ya uhai, stima imekatika kabla ya kuifikia, na hapo simu ya 97771 ya Kenya Power ndiyo ya kupigwa. Ikiwa kitaa chake kidogo chekundu kinawaka, stima imefika. Basi ama uniti zimekwisha, au ubovu uko upande wa mteja. Hakuna lori la kampuni ya umeme litakalokuja kutengeneza upande huo, hata ukiripoti mara mia.

Nambari ya mita ya tokeni ina tarakimu 11. Imeandikwa usoni, na husomeka hata mita ikiwa imekufa. Inafaa kuandikwa mahali, nitaeleza kwa nini.

## Mlango mdogo ulio chini

Kuna kitu kimoja sokoni kinachonitia hofu kuliko giza lenyewe.

Chini ya kila mlingoti mrefu kuna mlango wa chuma, mdogo kama wa kabati ya jikoni. Ndani yake mna breka, kebo, na katika milingoti mingi, winchi yenye waya wa chuma unaoteremsha ile pete ya taa ili fundi aifikie akiwa ardhini. Mlango huo hufungwa kwa boliti za pekee. Boliti zikipotea, mlango hufungwa kwa waya wa kawaida, na siku moja waya nao hutoweka.

Kinachoibwa kwanza mara nyingi ni waya wa shaba wa ardhi, ule unaouunganisha mlingoti na fimbo iliyopigiliwa udongoni. Shaba ina soko. Mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, baada ya hujuma dhidi ya nguzo za umeme, na wengi tunakumbuka jinsi Kenya ilivyozama gizani tarehe 11 mwezi huo.

Ubaya wa waya wa ardhi ni kwamba ukiondoka, taa huendelea kuwaka kama kawaida. Hakuna anayeshtuka. Lakini kebo ikichubuka ndani na kugusa chuma, stima haina tena njia ya kushuka ardhini kwa haraka ili breka iruke. Inabaki kwenye mlingoti, ikimsubiri mtu atakayeuegemea ardhi ikiwa imelowa. Na sokoni mlingoti ni nguzo ya kila kitu. Hufungwa kamba za maturubai, huning'inizwa mitumba, watoto huuzunguka wakicheza.

Mlango ukiwa wazi, hiyo si hoja ya kusubiri kikao cha bajeti. Kamba zifunguliwe kwenye mlingoti jioni hiyo hiyo, watu wasogee, na msimamizi wa wadi aarifiwe kwa maandishi, pamoja na picha.

Upande huu wetu kuna pia radi. Ukanda wa ziwa na magharibi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye radi nyingi, na mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote mjini. Taa za LED zinaokoa stima, lakini draiva zake ni nyepesi kuungua radi ikipita karibu, na hasa pale waya wa ardhi ulipoibwa. Kizuia radi ndani ya sanduku la swichi ni kitu kidogo, na kinapaswa kuwa kwenye orodha ya vifaa vya mkandarasi tangu mwanzo.

Halafu kuna winchi. Waya wake ukishika kutu kwa miaka bila grisi, pete ya taa haishuki tena. Hapo kubadilisha balbu moja kunahitaji lori lenye mkono wa kupandia, na kulileta hilo lori ni gharama kuliko balbu yenyewe. Idara husubiri taa kadhaa zife ndipo safari iwe na maana. Ndiyo sababu mlingoti huanza kwa kupofuka jicho moja, mwezi mwingine la pili, mpaka watu wanazoea.

## Hesabu ya usiku mmoja

Tuseme taa ni sita za sodiamu, kila moja wati 400. Hizo ni wati 2,400, na vifaa vinavyoziwasha huongeza kidogo juu ya hapo, lakini tuviache. Sisi tuko kwenye ikweta: usiku wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, Januari kama Julai. Kwa hiyo ni uniti 28.8 kwa usiku, uniti 864 kwa mwezi wa siku 30.

Je, ni nyingi? Kenya ina bei nafuu ya umeme kwa nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Mlingoti mmoja unatumia kama nyumba 29 za aina hiyo. Zikibadilishwa kuwa LED za wati 200, matumizi yanashuka hadi uniti 432.

Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili, pamoja na tozo zake, utapata kiasi ambacho si kikubwa kwa kaunti yoyote. Ila lazima kilipwe kila mwezi, milele. Mkandarasi hulipwa akaondoka, lakini stima hailipwi ikaisha.

Sola imetajwa sana kama dawa ya hili, kwa kuwa haina bili. Ni kweli haina bili ya kila mwezi. Bili yake huja kwa mkupuo, betri zinapochoka. Taa ya sola ya wati 60 ikiwaka usiku kucha inahitaji wati-saa 720. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban 1,200, na ikiwa ni ya asidi haifai kukamuliwa kupita nusu, yaani 600. Haimalizi hata usiku mmoja kwa usalama, sembuse siku mbili za mawingu ya Aprili. Wauzaji wengi hawaelezi hesabu hii, na vikao vingi haviiulizi. Anayetaka sola aulize ukubwa wa betri, aina yake, na nani atakayeinunua ya pili.

## Neno "kawaida"

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Bajeti ya kaunti ina mikono miwili. Mkono wa maendeleo hujenga. Mkono wa matumizi ya kawaida hulipa mishahara, mafuta ya magari, bili na ukarabati mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Nia yake ni njema: bila kizingiti hicho, mishahara na safari zingekula kila kitu.

Lakini tazama kinachoupata mlingoti. Siku unaposimamishwa, ni maendeleo. Unapigiwa makofi, unahesabiwa kwenye ile asilimia 30, unaingia kwenye hotuba. Kuanzia usiku wa pili, stima yake ni matumizi ya kawaida. Imehamia kwenye mkono ambao kila mtu anasema umenenepa na unapaswa kupunguzwa. Mwananchi anaposimama kikaoni na kusema "punguzeni matumizi ya kawaida, leteni maendeleo," na husema hivyo kwa uchungu wa haki, bila kujua anaomba taa nyingine mpya na kuizima ya zamani.

Nimelipima sana jambo hili, na sidhani watu wa soko wanastahili lawama. Vijitabu vya bajeti huletwa vikiwa na jumla kubwa za idara. Aliyewahi kuona kurasa za mafungu madogo ni mmoja kati ya wengi. Kumbe kurasa hizo zipo, na katika bajeti nyingi za kaunti stima huwa na nambari yake: 2210101, chini ya fungu la huduma za umeme na maji. Ukarabati wa vitu visivyo magari huwa chini ya 2220200. Mtu akifika kikaoni na nambari hizo mbili, mazungumzo yanabadilika. Haulizi tena "taa yetu itawaka lini?" ambalo hujibiwa kwa "tutalishughulikia." Anauliza: "Katika idara inayosimamia masoko, fungu 2210101 limetengewa ngapi mwaka huu, na soko letu limo?"

Swali hilo lina jibu la tarakimu. Afisa akilikosa pale pale, litaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba limeulizwa.

## Mwezi wa Mei umechelewa

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vikao vingi ambavyo watu huitiwa huja kati ya Aprili na Juni, makadirio yakiwa yameshaandikwa. Ni vikao halali, na Katiba inavitaka, Kifungu cha 196 na cha 201. Lakini mlango mpana hufungwa mapema zaidi.

Kufikia Septemba 1, kaunti lazima iwe imewasilisha kwenye bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaofuata. Mradi usiomo humo unahangaika kuingia baadaye. Kufikia Februari 28 unawasilishwa waraka wa sera ya fedha, ambao huweka dari ya kila idara. Dari ikishawekwa, kuongeza taa ya soko ni kuondoa kitu kingine katika idara ile ile. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia Aprili 30. Anayekuja Mei na ombi jipya amefika sherehe ikiwa kwenye maji ya kunawa.

Ila stima na ukarabati havihitaji kuwa mradi mpya. Hilo ndilo lililonipa moyo. Fungu lipo tayari, kinachobishaniwa ni ukubwa wake, na ukubwa unaweza kusogezwa hata Mei, bunge la kaunti likiwa bado linapitia makadirio.

Wasiwasi wangu mkubwa hauko kwenye tarehe. Uko kwenye saa.

Kikao huitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika ukumbi ulio mbali na soko. Muuza omena akifunga kibanda kwenda kusikiliza hotuba za muda wa saa tatu, hasara ni yake peke yake, na akirudi mteja wake ameshazoea kwa jirani. Kumwambia mtu huyo kwamba giza limemkuta kwa kuwa hakuhudhuria ni kumwonea. Nimejaribu kulitetea wazo la vikao kama vilivyo, nikashindwa.

Kinachowezekana ni maandishi. Maoni ya maandishi yana uzito sawa na ya mdomo, na hayahitaji mtu kuacha kibanda. Ukurasa mmoja unatosha: jina la soko na wadi, nambari ya mita, idadi ya taa na zilizozima, tarehe ya kuzima, hesabu ya uniti kama ile ya juu, nambari ya fungu linaloombewa, sahihi za kamati ya soko. Nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi sokoni. Bila muhuri, barua ni maneno tu.

Kuna siku niliona aibu kulishikilia hili kiasi hiki. Zahanati zinakosa dawa, na mimi nahesabu balbu? Kisha nikatazama tena saa za soko. Wateja wa mboga na omena ni watu wanaotoka kazini. Hushuka matatu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Biashara ya mama mboga haianzi asubuhi, inakolea jua linapozama. Na asubuhi hiyo hiyo alishatoa ushuru wa soko, risiti iko ndani ya aproni pamoja na chenji. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaruhusu serikali kutoza ada kwa huduma inazotoa. Huduma inazotoa. Ile risiti ndiyo karatasi ya kwanza ya kubeba.

## Barua yenyewe

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotokana nacho ina mambo ambayo ningependa yabandikwe kwenye kila choo cha soko. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo waziwazi. Asiyejua kusoma anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa lazima aandike kwa niaba yake na kumpa nakala. Hakuna ada ya kuomba, labda gharama ya kunakili tu. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Mlango wa mlingoti ulio wazi na nyaya nje, kwa maoni yangu, unahusu uhai.

Hivi ndivyo barua inavyoweza kuandikwa:

*Kwa Katibu wa Kaunti.*

*KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU TAA YA SOKO*

*Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba tupewe:*

*1. Jina lililo kwenye akaunti ya mita nambari (tarakimu 11).*

*2. Kumbukumbu za malipo au ununuzi wa tokeni za mita hiyo kwa miezi 12 iliyopita.*

*3. Uthibitisho kama mlingoti umo kwenye rejista ya mali ya kaunti. Kama haumo, nakala ya barua yoyote ya makabidhiano.*

*4. Jina la mkandarasi, cheti cha kukamilika kwa kazi, na tarehe ya mwisho ya dhamana yake.*

*5. Kiasi kilichotengwa mwaka huu wa fedha kwa stima na ukarabati wa taa za masoko katika wadi yetu.*

*6. Cheo cha afisa anayesimamia taa hizo.*

Kipengele cha nne kisiachwe. Mkandarasi wa kazi za umma hubakizwa sehemu ya malipo mpaka kipindi cha dhamana kiishe. Taa ikizima ndani ya kipindi hicho, kuitengeneza ni juu yake, wala bajeti haiguswi. Nafasi hiyo hupotea kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ambayo taa ilizima.

Siku 21 zikipita bila jibu, sheria inalihesabu ombi kuwa limekataliwa, na rufaa hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Kuipelekea malalamiko ni bure.

## Tarakimu 11

Juma lililopita kijana wa bodaboda alisimama juu ya kreti ya soda mbele ya kisanduku cha mita, tochi ya simu mkononi. Kioo kilikuwa na vumbi. Alisoma nambari kwa sauti, muuza omena akaiandika kwenye karatasi ya daftari, zile anazofungia omena. Wakarudia tangu mwanzo, kwa kuwa tarakimu ya saba ilionekana kama 3 kisha kama 8.

Ilikuwa 8.

Kitaa chekundu cha mita kilikuwa kinawaka. Stima imekuwa ikifika pale muda wote huo, miezi yote aliyokuwa akibana simu shavuni. Jibu la yule wa tatu kwenye foleni likaondoka hapo hapo.

Kamati ya soko ilipeleka barua Jumanne. Nakala iliyogongwa muhuri imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kopo la kupimia, pamoja na risiti za ushuru.

Siku ya 21 pia ni Jumanne, na ni siku ya soko.